Baada ya Noemi

Cedar Fork, Colorado
9 Machi

Kaka Merle,

Nimeona afadhali nikuandikie. Kwenye simu sisi wawili hatufiki mbali: wewe unapandisha sauti, mimi nakata, halafu nashinda naosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Kwenye karatasi huwezi kunidakiza.

Tangu uondoke baada ya mazishi, nyumba imejaa vyakula vya watu. Majirani bado wanaleta mabakuli ya tambi na jibini, wanayaweka mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi, utadhani msiba wetu unaambukiza. Iliana amerudi shule. Mwalimu anasema halii wala hacheki. Anafanya hesabu zake, akimaliza anaomba nyingine. Jana aliniuliza kama yule kijana alikuwa anamjua mama yake. Nikamwambia hapana, hakumjua. Akasema, "Sasa mbona alimchukia, bibi?"

Ningemjibu nini mtoto wa miaka tisa? Kwamba kijana aliyekulia mitaa michache kutoka hapa alijifungia chumbani mwaka mzima akisoma mtandaoni kuwa watu wenye majina kama la mama yako wamekuja kutumaliza? Kwamba aliamini, akachukua bunduki, akaingia supamaketi asubuhi ya Jumamosi, akaenda moja kwa moja hadi dirisha la dawa alikokuwa Noemi na koti lake jeupe, na wengine sita waliuawa kwa sababu tu walikuwa kwenye foleni? Nilimwambia sijui. Akarudi kwenye hesabu zake.

Garrett ndiye anayenitia hofu. Mwanangu hajarudi kazini. Kampuni ya umeme imemwambia achukue muda wake. Anashinda kwenye chumba cha chini ya nyumba na ile kompyuta. Nikimpelekea chakula ananishukuru kwa adabu, kama mgeni.

Na katikati ya hayo nafungua gazeti, nakuona wewe umesimama mbele ya wabunge wa jimbo lenu huko Cheyenne na kofia yako ya harusi, unawaambia wasipitishe kamwe sheria ya jaji kumnyang'anya mtu silaha kwa sababu jamaa zake wana wasiwasi naye. Merle, mkwe wangu hajamaliza miezi miwili ardhini. Hukuweza kungoja?

Dada yako,
Lorna


Tilden, Wyoming
17 Machi

Lorna,

Ile kofia si ya harusi. Niliinunua kwa mazishi ya Noemi, na ndiyo nzuri pekee niliyo nayo, kwa hiyo niliivaa.

Nimeisoma barua yako nikiwa zizini, ng'ombe wanazaa na theluji haijaisha, kwa hiyo usishangae ukiona karatasi imechafuka. Wewe ni kitinda mimba na tangu utotoni umezoea ukilia wote tunakimbia. Lakini safari hii niache nikujibu kama mtu mzima.

Nilimpenda yule binti. Alikuja hapa kila Krismasi akatugeuzia jiko langu kiwanda cha tamale za unga wa mahindi na nyama, akanipanga mezani kufunga majani ya mahindi kama kibarua, na kunisema kila nilipofunga vibaya. Usinifanye mimi kuwa mtu asiyemlilia. Lakini bunduki zangu zimekaa kabatini tangu baba afe na hazijamdhuru mtu. Yule kijana alikuwa mgonjwa wa akili, na juu ya ugonjwa akalishwa sumu ya chuki na watu wasiojulikana hata wanakaa wapi. Hao ndio wa kufuatwa. Mnaogopa kuwagusa wanaouza chuki, mnaona uvivu kujenga hospitali za wagonjwa hao, basi mnamgeukia mzee wa Wyoming na bunduki yake ya kuwindia swala. Na hiyo sheria yenu mnayo huko Colorado. Ilimwokoa nani?

Kuhusu Garrett, mwache. Mwanamume akiumia hujificha kwanza. Siku ya mazishi, nyuma ya kanisa, nilimpa bastola ya baba yetu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, nikaona angalau awe na kitu cha babu yake cha kushika. Ilitulia ile mikono, Lorna. Niliiona ikitulia.

Msalimie Iliana. Mwambie ndama wa mwisho kuzaliwa ana doa jeupe usoni na anasubiri jina.

Kaka yako,
Merle


Cedar Fork
26 Machi

Merle,

Mtoto anasema ndama aitwe Karanga.

Sikujua habari ya bastola. Nimeisoma sentensi yako nikakaa chini. Ulimpa mtu aliyetoka kumzika mkewe bastola yenye risasi, ukarudi kwako ukiwa na amani. Sitakutukana kwa sababu najua ulikusudia mema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Wiki iliyopita madaktari wa mahakama walisema yule kijana, Tanner Kessinger, hana akili timamu ya kusimama kizimbani. Amehamishiwa hospitali, kesi itangoja mpaka apone, kama atapona. Garrett aliisikia kwenye taarifa ya habari akiwa amesimama jikoni na kikombe mkononi. Akasema taratibu, "Kwa hiyo yeye ni mgonjwa. Kumbe Noemi aliuawa na homa." Akakiweka kikombe, akateremka chini.

Na huko chini hayuko peke yake. Nilipokwenda kuchukua nguo chafu nilisikia sauti za wanaume kwenye kompyuta, wanamwita "kaka." Wanajiita Walinzi wa Nyumbani. Hawazungumzi mambo ya watu wenye majina ya Kihispania, wangezungumza hayo Garrett angewafukuza. Wao wanamwambia serikali imewafuga wauaji, majaji wamenunuliwa, damu haiwezi kulipwa na daktari. Wanamwambia huyo kijana ana wazazi, wazazi hao ndio waliomlea, na wanalala kitandani kwao salama. Merle, ni lugha ileile. Wamebadilisha tu wa kumchukia. Wewe unasema wafuatwe wanaouza chuki. Haya, wako chini ya sakafu yangu, na mteja wao ana bastola uliyompa.

Nilimwomba aende kumwona mtaalamu wa mambo ya akili. Alikubali. Tulipiga simu kila mahali tunapojua. Nafasi ya karibu iko Julai. Basi hapo tumekubaliana wewe na mimi, hospitali hakuna. Lakini bastola ipo leo.

Lorna


Mtaa wa Larkspur, Cedar Fork
8 Aprili

Mama Brandvold,

Jina langu ni Bettina Kessinger. Mimi ndiye mama yake Tanner. Ukitaka kuichana barua hii sasa hivi nitaelewa, na wala sitaandika tena.

Sikuandiki kuomba msamaha, kwa sababu sijui mtu anaombaje msamaha kwa jambo kama lile. Nimeanza barua hiyo mara nyingi na zote zimeishia kwenye jiko la kuni. Nakuandikia kwa sababu ya pikapu ya buluu. Imekuwa ikija mchana, inaegeshwa ng'ambo ya barabara, inakaa mpaka jioni. Namfahamu aliye ndani kutokana na picha za gazetini. Ni mwanao.

Sijaita polisi. Mume wangu Duane naye amekataa nisiite. Anasema yule bwana ana haki ya kututazama. Duane hatoki tena, amefunga karakana yake, anakaa sebuleni kwenye kiti kinachoelekea dirishani, anaitazama pikapu kama vile pikapu inavyotutazama.

Watu wanasema hatukujua, au tulijua tukanyamaza. Tulijua, na hatukunyamaza. Mwaka juzi, Tanner alipoanza kuongea mambo yale mezani, nilikwenda kwa jaji mimi mwenyewe. Bunduki yake ikachukuliwa. Baada ya wiki mbili akaitwa kusikilizwa, akavaa shati la kanisani, akajibu vizuri, akisema "bwana" kwa kila sentensi. Nilikuwa na hofu ya mama tu, sikuwa na ushahidi. Akarudishiwa. Njiani kurudi nyumbani aliniambia, "Umeniaibisha, mama," na hakunisemesha tena mpaka siku ile.

Nakwambia hivi si kwa sababu nataka unihurumie. Wewe bado una mwana wa kwenda kumtoa kwenye gari. Mimi ningetoa chochote.

Bettina Kessinger


Tilden
12 Aprili

Lorna,

Nimezungumza na Garrett kwenye simu. Sauti yake nzima. Ameniuliza hali ya mvua, ameniuliza ndama, amenicheka kwamba bado nanunua viatu duka lilelile. Mtu anayepanga mabaya haulizi ndama. Kuhusu hao wa kompyuta, amesema ni wanaume wapweke wanaopiga domo, na mimi nimeishi na wanaume wapweke wanaopiga domo maisha yangu yote.

Najua unachofikiria. Nakujua. Usiende kwa jaji. Ukimpelekea polisi mlangoni, mbele ya binti yake, kama mhalifu, mtu ambaye hajafanya kosa lolote ila kufiwa, utakuwa umemzika akiwa hai, na hakuna jaji wa kumfukua. Tutafanya kama ilivyokuwa ikifanyika kwetu zamani. Mwezi ujao tunatia ng'ombe chapa, naja kumchukua, atakaa hapa kiangazi chote, atachoka vizuri, atalala. Hayo ndiyo matibabu ninayoyajua.

Sheria ile ilianguka hapa. Wabunge waliikataa kwa kura nyingi na watu walinipigia makofi kwenye ngazi. Kuna mmoja, mtu wa makamo, nadhifu, alinishika mkono hataki kuuachia, akaniambia niliongea vizuri sana, na kwamba wote wenye akili wanajua Cedar Fork hakuna aliyekufa, wale ni waigizaji waliolipwa, hata yule mwanamke wa dawa. Akatabasamu. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake. Nilisimama na ile kofia ya mazishi ya Noemi kichwani, Lorna, na sikumwambia kitu. Niliondoka nikaenda kukaa kwenye gari.

Hilo halibadilishi msimamo wangu. Nimeona tu nikwambie.

Merle


Cedar Fork
22 Aprili

Kaka,

Jana ulipokata simu ulisema nimemuuza mwanangu. Umesema la kwako, sasa soma la kwangu, kwa sababu Garrett yuko njiani kuja kwako na huenda atafika kabla ya barua hii.

Mama wa yule kijana aliniandikia. Aliniambia pikapu ya Garrett inashinda nje ya nyumba yao. Sikutaka kuamini, nikaenda kwa miguu. Ilikuwepo. Nilifungua mlango wa abiria nikakaa. Hakushtuka. Kofia yake ilikuwa kwenye kiti kati yetu, na nilipoisogeza nipate nafasi niliiona bastola ya baba.

Nikamwuliza, "Unangoja nini hapa, mwanangu?"

"Nangoja mzee atoke."

"Akitoka?"

Alinionyesha dirisha lao kwa kidevu. Alisema, "Wana pazia za maua, mama. Wamewasha taa. Kila siku jioni wanawasha taa kama watu."

Nilimwambia twende nyumbani, Iliana anatoka shule. Alisema nitangulie. Nikamshika mkono, akaniachia nimshike, lakini macho yake hayakutoka kwenye lile dirisha. Nimemlea mtu huyu, Merle. Nimemwona ana homa, amelewa, amevunjika mguu, amependa. Sikumjua aliyekuwa amekaa pale.

Nilitembea kutoka pale hadi mahakamani bila kupita nyumbani, maana ningepita nyumbani ningekuita wewe na ungenigeuza. Nilimweleza jaji. Asubuhi yake polisi walikuja. Walikuwa wapole, nataka ujue hivyo, mmoja alisoma naye. Garrett mwenyewe alifungua sefu, akawakabidhi silaha moja moja, ya kuwindia, ile ndogo ya sungura uliyomfundishia akiwa mtoto, na bastola. Iliana alikuwa mezani na bakuli la nafaka, kijiko hewani.

Garrett aliuliza swali moja tu. "Nani?"

Mkuu wao akasema hawezi kutaja. Nikasema, "Ni mimi."

Alinitazama kidogo. Kisha akambusu binti yake kichwani, akachukua koti, akaondoka. Alisimama mlangoni akasema, bila kugeuka, "Yule alikuwa na bunduki na mkachelewa. Mimi nimebaki na binti tu, na hata yeye umemfanya anione hivi."

Huenda ni kweli, kama ulivyosema, kwamba hatanisamehe. Nakubali. Lakini nyumba yako, Merle, ina silaha kwenye kila ukuta. Siombi kitu kingine kwako maisha haya. Usimpe.

Lorna


Tilden
10 Mei

Dada yangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka niandike nikiwa na uhakika kwamba nitakachosema kitabaki kweli mpaka ukisome. Garrett ni mzima. Anza na hapo, kisha endelea.

Alifika salama. Nilimpa kazi ya uzio. Siku za mwanzo nilijisifu moyoni, nikasema, haya, Lorna na majaji wake, mtazameni mtu anafanya kazi. Alikula. Alimpigia Iliana simu kila jioni, akampelekea picha za Karanga. Nilikuwa nimeanza hata kukuandikia barua ya kukusuta.

Halafu mbwamwitu wadogo wakaanza kuja karibu na ndama, na asubuhi moja, tukinywa kahawa, aliniomba bunduki akawavizie kwenye kilima. Ni ombi la kawaida kabisa hapa. Kila mtu hapa angempa. Nilishanyanyuka, Lorna. Nilishashika ufunguo wa kabati. Sijui nini kilinifanya nigeuke nimtazame. Alikuwa ameosha kikombe chake, amekifuta, amekirudisha mahali pake, na chumba nilichompa mlango ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, nguo zake zote zimekunjwa juu yake kama za mtu anayehama.

Nikamwambia hapana.

Akasema, "Hata wewe, mjomba." Bila hasira. Kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Nikamwambia kama anawafikiria wale wazazi wa Tanner, hawakumlea mwana wao awe muuaji kwa makusudi. Akatikisa kichwa. Akasema, "Sikuwa na nia nao. Nilikwenda pale nijaribu kuwachukia, nikashindwa. Nilikuwa nakwenda kilimani tu."

Ilinichukua muda kuelewa. Miaka sabini na moja, na nilikuwa nikibishana na wewe juu ya wauaji, wagonjwa, haki, wabunge, na wakati wote aliyekuwa hatarini, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa anakula mayai mbele yangu. Nilimkumbatia, nami si mtu wa kukumbatia watu. Tulikaa sakafuni jikoni kama watoto. Alilia. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza tangu Januari.

Bunduki zangu zote nimezipeleka kwa jirani, Odell Stroh. Hakuniuliza kwa nini, akasafisha nafasi kwenye stoo yake. Garrett alinisaidia kuzipakia. Hospitali ya mjini walimpokea siku mbili, wakamrudisha na dawa kwa sababu vitanda vimejaa. Sasa daktari wa hapa, mama mmoja mzee aliyestaafu, anakuja kunywa chai naye.

Usidhani nimegeuka. Bado sitaki polisi aingie nyumbani kwa mtu. Lakini ukiniuliza leo kama ulikosea, sina jibu, na zamani nilikuwa nalo.

Bado hataki kuongea nawe. Nimejaribu.

Merle


Mtaa wa Larkspur
29 Mei

Mama Brandvold,

Nilidhani sitakusumbua tena. Lakini utasikia kwa watu, na nisingependa usikie kwa watu.

Duane amefariki. Nilikuwa nimekwenda kumwona Tanner hospitali, ni safari ndefu, na Duane alisema mgongo unamuuma, atabaki. Alikuwa amenyoa ndevu. Nilifurahi kumwona amenyoa, nikamwambia amependeza. Niliporudi, jirani alikuwa amesimama kwenye nyasi zetu akinizuia nisiingie.

Polisi walichukua kila kitu cha Tanner Januari. Hakuna aliyeuliza kama baba yake ana silaha yake, nami sikukumbuka. Ilikuwa karakana, nyuma ya makopo ya rangi, tangu kabla hatujaoana. Nilikuwa naichunga pikapu ya mwanao nje. Kila siku nachungulia dirishani, nahesabu hatari iliyo ng'ambo ya barabara, na mume wangu amekaa nyuma yangu.

Wale watu wa mtandaoni tayari wamejua. Wengine wanashangilia. Wengine wanasema hajafa, naye ni mwigizaji.

Pikapu haijaja tena tangu Aprili. Nilitaka kukushukuru kwa hilo na sikujua kama inafaa. Nadhani ulifanya nilichofanya mimi, na kwako kilifaa. Sijui kwa nini kwako kilifaa na kwangu hakikufaa. Nimeacha kutafuta.

Maziko ni Jumanne. Kanisa letu limeomba tusiyafanyie pale, kwa sababu ya familia zingine, kwa sababu yenu, na wana haki. Mchungaji atakuja makaburini peke yake.

Bettina


Cedar Fork
8 Juni

Merle,

Duane Kessinger, baba wa Tanner, amejiua. Nilikwenda kumzika. Sikumwambia mtu, lakini hapa mtu hawezi kununua hata maua bila habari kufika nyumbani kabla yake. Tulikuwa Bettina, dada yake aliyetoka Nebraska, mchungaji, na mimi. Upepo ulikuwa mkali mpaka mchungaji akafupisha. Bettina hakunishukuru wala mimi sikumpa pole. Tulisimama tu bega kwa bega, na sanduku liliposhuka aliegemea kwangu kwa uzito wake wote, nikamshikilia.

Jana kwenye mkutano wa familia za waliouawa, Leland, baba wa mvulana mmoja aliyeuawa kwenye ile foleni, mtu niliyekuwa nakaa naye kila wiki, alihamisha kiti chake. Alisema hana ugomvi nami, ila hawezi kukaa karibu na mtu aliyemsindikiza yule mzee kaburini. Nilimwambia ninaelewa. Na ninaelewa kweli. Tulikuwa tunaandaa safari ya kwenda kuwaona wabunge, kuomba pesa za hospitali na kwamba silaha zote za nyumbani ziulizwe, si za mshukiwa peke yake. Nitakwenda hata kama sitapewa kiti.

Mwambie Garrett kuhusu yule mzee. Nilifikiria kumficha, halafu nikaona tumefichana vya kutosha. Lakini mwambie wewe, ukiwa naye, mchana, na huyo daktari wa chai akiwa karibu.

Iliana amelia, hatimaye. Alipoteza penseli. Ilikuwa ya kawaida tu, ya shule. Alilia kuanzia kifungua kinywa mpaka mchana, nami nilimshika na nikashukuru Mungu kwa ile penseli.

Lorna


Tilden
19 Juni

Mama,

Mjomba amenipa karatasi na kalamu na kwenda nje kujifanya anarekebisha geti ambalo halijaharibika.

Aliniambia kuhusu mzee Kessinger. Nilimwomba arudie mara mbili. Nilikuwa nimemtakia yule mtu hivyo hivyo, mama. Nilikaa nje ya nyumba yake siku zote zile nikijaribu kulitaka jambo hilo, na wale wa kwenye kompyuta wakinisaidia kulitaka. Sasa limetokea. Nilitembea mpaka mwisho wa uzio nikingoja nihisi kitu. Noemi bado amekufa. Kuna mwanamke mwingine tu anayekula peke yake.

Kompyuta niliiacha kwako. Itupe.

Kuna kitu kimoja sijamwambia mtu. Siku ile polisi wanachukua vitu vyangu, kabla sijakasirika, kabla sijauliza ni nani, nilihisi mwili wote umelegea kama mtu aliyeshushwa mzigo. Halafu nikakutazama wewe na hasira ikaja, na nikaing'ang'ania kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuishika. Bado ninayo. Nikikudanganya kwamba imeisha utajua. Sijui ni lini itaisha, na daktari anasema nisijipangie tarehe.

Lakini nina hamu sana ya kumwona mwanangu. Mlete Jumamosi kama unaweza, akae wiki moja au mbili. Mjomba amesafisha chumba cha juu na ameangalia nyumba nzima, kila droo, akanionyesha. Hamna kitu humu isipokuwa visu vya jikoni, navyo ni butu.

Utakapofika, usiteremke kwenye gari. Naomba unielewe. Piga honi pale getini, nitashuka mwenyewe kumchukua. Nitakuja upande wa dirisha lako.

Garrett